Mutoshi haihitaji stesheni, inahitaji basi linalosubiri treni

Tangu reli ya Lobito irudi midomoni mwa wakubwa wa Kinshasa, Luanda, Washington na Brussels, hapa Kolwezi tumezoea kusikia hesabu za tani. Tani ngapi za shaba zitapita, siku ngapi hadi Atlantiki, malori mangapi yatapungua kwenye barabara ya Kasumbalesa. Hesabu ya watu haijasikika. Nani atapanda treni hiyo, atapandia wapi, na akishuka usiku atafikaje nyumbani Mutoshi, Musonoi, Kapata au Luilu? Maswali hayo yanaachwa yaje baadaye, kana kwamba stesheni ni rangi ya ukuta, kitu cha kupaka nyumba ikishamalizika.

Sisi tunaona kinyume. Mahali pa stesheni na mahali pa basi huamuliwa siku mkataba unapoandikwa, na mkataba ukishatiwa sahihi kwa miaka thelathini, mkaaji wa kawaida hana tena mlango wa kubisha. Kwa hiyo tunasema mapema, hata kama si wote watafurahi: treni nyepesi ya abiria irudishwe kati ya Kolwezi na Tenke, stesheni kuu ibaki ndani ya mji, na Mutoshi, badala ya kuahidiwa stesheni yake, ipewe basi lenye saa zake, lililofungwa na treni hiyo kwa maandishi.

Reli yenyewe si ngeni. Mwaka 1931 njia iliyotoka Lobito kupitia Angola iliungana na reli ya Katanga pale Tenke, na kwa miaka mingi shaba yetu ilikwenda baharini kwa upande wa magharibi. Vita vya Angola viliifunga njia hiyo mwaka 1975. Wachina waliijenga upya upande wa Angola kuanzia 2006, na Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau, mpakani, kuizindua. Julai 2023 kampuni ya Lobito Atlantic Railway, ya akina Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, ilikabidhiwa uendeshaji wa mizigo kwa miaka 30. Mwisho wa mwaka huohuo mzigo wa majaribio wa shaba ya Kamoa-Kakula ulifika Lobito kwa siku zisizozidi kumi. Upande wetu, kutoka Dilolo kupita Mutshatsha na Kolwezi hadi Tenke, reli bado ni ya SNCC, imechoka, na ndiyo inayosubiri fedha na mwenye kuitengeneza.

Jambo moja kwenye mpango wa Angola linafaa kusomwa kwa makini na wabunge wetu wa jimbo. Kule walitenganisha mizigo na abiria: mizigo ilikwenda kwa kampuni, treni za watu zikabaki na shirika la serikali, CFB. Unaweza kupenda mpangilio huo au kuukataa, lakini walau abiria walitajwa. Hapa kwetu hatujaona aliyesimama hadharani kusema abiria wa Lualaba watakuwa wa nani.

Na abiria wapo. Yeyote anayedai kwamba watu wa jimbo hili hawahitaji treni kwa kuwa wana pikipiki na teksi za kwenda Likasi, na akumbuke Machi 2022. Treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke iliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, wilaya ya Lubudi. Kwenye karatasi haikuwa na abiria hata mmoja. Waliokufa walikuwa 75, na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Miaka minane kabla yake, Aprili 2014, ajali ya namna hiyohiyo ilitokea Katongola, upande wa Kamina, nayo iliua makumi ya watu waliokuwa wamedandia mabehewa ya mizigo. Serikali iliwaita waliodandia abiria wa siri. Siri gani, wakati kila mtu kwenye njia ile anajua kwamba treni ya mizigo ndiyo treni ya watu, kwa sababu ya watu hupita kwa nadra na bila saa inayojulikana? Ukirekebisha reli, ukaongeza mwendo wa treni za shaba, na ukaacha watu waendelee kupanda juu ya mizigo, ajali inayofuata itakuwa kubwa kuliko ya Buyofwe.

Basi tukubali kwamba abiria lazima wahesabiwe. Swali gumu linakuja baada ya hapo: treni isimame wapi?

Mutoshi wana hoja yao, na ni hoja yenye nguvu. Mgodi ule, ambao wazee bado wanaukumbuka kwa jina la Ruwe, umechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Kati ya 2018 na 2020 dunia nzima iliutaja: sehemu ya eneo la Chemaf ilizungushiwa uzio, wachimbaji wa mikono wakapewa kadi na kofia ngumu chini ya koperative yao, shirika la Pact likasimamia usalama, na Trafigura ikanunua bidhaa. Maelfu ya watu walikuwa wakipita getini. Korona ilipokuja mwaka 2020 jaribio lile likasimama, na waliokuwa na kadi wakarudi kutafuta shimo mahali pengine. Kwa hiyo mtu wa Mutoshi anaposikia kwamba Trafigura hiyohiyo imo katika kampuni inayovuta treni upande wa Angola, ana haki ya kuuliza: mlijua njia ya kuja kuchukua madini yetu, mbona hamjui njia ya kutusafirisha?

Hata hivyo hatuungi mkono stesheni ya Mutoshi. Tunazo sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kiufundi. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia pembeni kwenye njia ya kupishana na kungoja nyingine ipite. Treni ya shaba ina mabehewa mengi, ni nzito, haisimami upesi wala haiondoki upesi, na mwenye mzigo analipa kila saa inayopotea. Treni nyepesi ya abiria, mabehewa mawili au matatu, inaweza kuingizwa katikati ya ratiba hiyo ikiwa na vituo vichache: inatoka Kolwezi, inasimama mahali panapokusanya watu wengi, inafika Tenke, inarudi. Kila kituo unachoongeza, hasa kilicho karibu sana na mji, kinakula dakika na kumpa mwenye mizigo sababu nyingine ya kusema abiria wanamharibia kazi. Ukidai vituo kumi utapewa ahadi ya vituo kumi na treni sifuri. Tunaijua michezo hiyo.

Sababu ya pili ni ya Kolwezi yenyewe, na kwetu ndiyo nzito zaidi. Mji huu haukai mahali pamoja. Kasulo ilikuwa mtaa wa nyumba na mashamba madogo ya mihogo hadi 2014, pale mtu alipochimba kisima akakuta kobalti. Mwaka 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta, na familia mamia zikaondoka. Katika Cité Gécamines watu wamehama kwa sababu mgodi wa COMMUS unapanuka hadi kwenye milango yao. Amnesty International, katika ripoti yake ya Septemba 2023, ilikusanya ushuhuda wa watu waliosema kwamba makazi ya Mukumbi, palepale eneo la Mutoshi, yalichomwa na askari mwaka 2016. Kampuni ilikana kuhusika. Migodi yetu hubadilisha wenye mali, mashimo hufungwa na mengine kufunguliwa, na watu hufuata kazi ilikokwenda. Ukimwaga saruji ya stesheni leo mbele ya geti la Mutoshi, ni nani atakayekuhakikishia kwamba baada ya miaka kumi geti litakuwa palepale, au kwamba kijiji hakitakuwa kimesukumwa kilomita tatu mbele? Basi linaweza kuhamisha kituo chake kwa siku moja: unang'oa nguzo, unakwenda kuisimika kwingine. Stesheni haiwezi.

Lakini stesheni kuu ya mji ni habari nyingine. Hiyo ibaki ndani ya Kolwezi, na hapa tunawaomba wanaochora ramani waende kwanza Kenya. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwisho wa Mei 2017. Treni nzuri, safi, inafika kwa saa yake. Ila upande mmoja inakushusha karibu na Syokimau, nje ya Nairobi, na upande wa pili Miritini, mbali na kisiwa cha Mombasa. Msafiri mwenye mizigo na watoto alijikuta muda alioupata ndani ya treni anaupoteza tena kwenye matatu na teksi. Nairobi waliiunganisha stesheni hiyo na katikati ya mji kwa treni ndogo, lakini Mombasa abiria walibaki kwa miaka mikononi mwa wenye magari. Ardhi ya nje ya mji huonekana rahisi kwa mjenzi. Bei yake hulipwa na abiria kila siku anaposafiri.

Kishawishi cha kuhamisha stesheni kitakuja Kolwezi, tena kitakuja kimevaa nguo nzuri: kuepusha bomoabomoa. Mwaka 2025 shirika la Global Witness lilikadiria kwamba hadi watu 6,500 upande wa Kongo wanaweza kupoteza makao kwa sababu ya kutengenezwa kwa reli hii, na mtaa uliotajwa zaidi ni Bel Air, hapa hapa Kolwezi, ambako nyumba na vibanda vya biashara vimesogea hadi karibu na reli. Wengine watasema, basi pelekeni kila kitu porini. Tunakataa kwa sababu rahisi. Treni za shaba zitaendelea kupita Bel Air, stesheni ya abiria iwe mjini au porini. Reli haihami kwa kuwa bango la stesheni limehama. Watu wa Bel Air watakuwa wamepoteza nyumba na pia usafiri. Kinachotakiwa ni kusema wazi upana wa eneo la reli ni mita ngapi mtaani hapo, nani atalipwa, kiasi gani, na alipwe kabla ya tingatinga kufika. Mtu aliyejenga kwa karatasi alizopewa na ofisi ya serikali asiitwe mvamizi asubuhi ya kubomolewa.

Sasa tuje kwenye basi, maana hapo ndipo tutakapopingwa na Mutoshi wenyewe. Watasema: stesheni ni jengo, haliwezi kutoroka, basi lenu litakuja miezi mitatu, litaharibika, litaegeshwa nyuma ya ofisi ya mtu na kuota majani. Ni kweli. Ndivyo mabasi ya umma yanavyokufa katika nchi hii. Hata jengo, lakini, lisilo na treni linaota majani vilevile. Addis Ababa walifungua reli yao nyepesi Septemba 2015, kilomita zaidi ya thelathini, vituo 39. Tulipoziona picha zake wengi wetu tulisema Afrika imefika. Miaka michache baadaye treni nyingi kati ya 41 zilikuwa zimesimama gereji kwa kukosa vipuri, na uzio wa reli ulikuwa umegawa mitaa hata mtu akalazimika kuzunguka mbali ili avuke upande wa pili kupanda basi. Vituo 39 vilikuwepo. Kilichokosekana ni treni za kutosha, na njia fupi ya mguu kati ya treni na basi.

Dar es Salaam ilijifunza kwa gharama ndogo. Oktoba 2012 walianzisha treni ya mjini juu ya reli ya zamani, bila kujenga reli mpya: mabehewa yaliyokarabatiwa, kutoka Stesheni hadi Ubungo asubuhi na jioni, na nyingine upande wa TAZARA. Wenyeji waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, treni ya Mwakyembe. Haikuwa ya kifahari na ilijaa kupita kiasi, lakini watu waliipanda kwa kuwa walijua inaondoka saa ngapi. Kisha mwaka 2021 kituo cha mabasi ya mikoani kikahamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi. Reli ilibaki ilipokuwa, mabasi ya mbali yakaenda. Hapo unaona jinsi ofisi mbili, moja ya reli na moja ya mabasi, zinavyoweza kutengana bila mtu kumwuliza abiria.

Ndiyo maana hatusemi tu "wapeni basi". Tunasema liandikwe katika mkataba uleule wa reli. Basi la Mutoshi lifike stesheni ya Kolwezi nusu saa kabla treni haijaondoka, na jioni lisiondoke kabla treni haijaingia, hata kama imechelewa saa mbili. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Mama anayerudi na gunia la unga kutoka Tenke, akishushwa saa tatu usiku na kukuta basi limeondoka, kesho hatapanda treni. Atarudi kwenye lori. Tiketi iwe moja, inunuliwe mara moja, kwa franka, na iseme bei ya safari nzima. Basi na treni visitenganishwe na uwanja wa matope wa mita mia tatu: kituo cha basi kiwe mlangoni pa stesheni, chini ya paa, penye taa. Na wenye pikipiki wapewe sehemu yao palepale, yenye mpangilio. Wao ndio watakaowafikisha watu mahali ambapo basi haliingii, na wakifukuzwa watakuwa adui wa mradi kuanzia siku ya kwanza.

Njia ya basi nayo isichorwe kwa ajili ya migodi. Kampuni kubwa zina mabasi yao ya kubeba wafanyakazi wao wa zamu. Hao hawana shida. Wenye shida ni vibarua wa kampuni ndogo, wanafunzi, wauguzi, wachimbaji wa mikono, na wanawake wanaouza chakula kando ya barabara ya Likasi huku malori yakiwamwagia vumbi. Kwa sababu hiyo tungependa basi hilo lipite pia Musompo, kwenye soko la madini, ambako watu wengi hushinda mchana kutwa kuliko katika ofisi zote za komini za Dilala na Manika.

Fedha zitatoka wapi? Safari hii wasituambie hazipo. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 iligawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inayochimba hutoa asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kobalti, kwa kuwa ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, inalipa mrabaha wa asilimia 10. Mabasi manne, madereva, mafuta na fundi mwenye vipuri vyake haviwezi kuishinda fedha hiyo. Tungependa hasa ile 0.3, ambayo mara nyingi huishia kwenye jengo lenye bango la kampuni, ilipie gharama za kuendesha, si kununua tu. Kununua basi hupigwa picha, na mkubwa hukata utepe. Kulibadilishia matairi hakuna mkubwa anayekuja, na basi hufia hapo.

Tunajua kampuni itakayopewa reli itasema nafasi za ratiba ni chache na kila treni ya watu inaondoa treni ya shaba. Iambiwe idadi tangu mwanzo: jozi moja ya treni asubuhi, jozi moja jioni, kila siku, Kolwezi hadi Tenke na kurudi, kabla haijaweka bei yake mezani. Ikijua mapema itaipanga ratiba yake na kujenga njia za kupishana zinazotosha. Ikiambiwa baadaye itadai fidia, na itakuwa na haki.

Kuna kazi moja isiyohitaji kusubiri Lobito, wala Kinshasa. Mji na jimbo wanaweza kuanzisha basi la Mutoshi, Musompo na stesheni ya Kolwezi mwezi ujao, bila reli kuguswa, kwa saa zilezile ambazo treni ingefuata. Kondakta awe na daftari: nani amepanda wapi, ameshuka wapi, siku gani basi lilijaa na siku gani lilikuwa tupu. Baada ya miezi sita daftari hilo lipelekwe kwenye bunge la jimbo na kwa wanaoandika mkataba. Tani za shaba tayari zimo katika makaratasi yao. Ukurasa wa abiria ndio mtupu.